Timu ni ya mwenye pesa au ya aliyekaa benchi? Tuanze na Chelsea ya Abramovich

Mtoto wa Darajani:
Wakuu habari za jioni.

Mimi ni shabiki wa Chelsea tangu 2004, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kwa uchungu. Kila kocha akitimuliwa pale Darajani, yaani Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, tunabishana yaleyale: huyu anasema kocha alikuwa mbovu, yule anasema mmiliki hana subira. Miaka inaenda, makocha wanaenda, ubishi uko palepale. Mimi siku hizi najiuliza maswali mawili tu. Mchezaji aliposajiliwa, nani alisema "ndiyo, mleteni"? Na mchezaji huyo alipochemsha, nani alifungasha virago? Ukikuta ni watu wawili tofauti, timu hiyo ina ugonjwa, hata kama leo inaongoza ligi.

Turudi 2006. Roman Abramovich alikuwa na miaka mitatu tangu ainunue klabu kutoka kwa Ken Bates, Julai 2003. Mourinho alikuwa amempa mataji mawili ya Ligi Kuu mfululizo. La kwanza, 2004/05, lilikuja kwa pointi 95 na mabao 15 tu ya kufungwa msimu mzima, na Chelsea ilikuwa haijachukua ubingwa wa England kwa miaka 50. Kocha wa namna hiyo unategemea apewe funguo zote za nyumba.

Kiangazi kile akaletewa Andriy Shevchenko kutoka Milan kwa takriban pauni milioni 30. Sheva alikuwa straika wa haki, Ballon d'Or ya 2004 hakuiokota. Ila alikuwa anakaribia miaka 30, na kila mtu pale alijua ni chaguo la tajiri, aliyekuwa rafiki yake. Mfumo wa Mourinho ulikuwa 4-3-3, mbele anasimama mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Drogba. Sasa Sheva utampanga wapi? Ukimweka benchi, mwenye timu yuko jukwaani anakutazama. Ukimwanzisha, unavunja mfumo uliokupa mataji mawili. Msimu ule Sheva alifunga mabao manne kwenye ligi. Drogba alifunga 20.

Kinachoniuma zaidi ni Januari 2007. Terry alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mgongo, Gallas alishaondoka kwenda Arsenal kwenye dili la Ashley Cole, Huth kauzwa. Kocha akawa anahitaji beki wa kati. Dirisha likafungwa bila beki. Tukamwona Essien, kiungo, anacheza beki ya kati mechi nzito. Manchester United wakachukua ubingwa kwa pointi 89, sisi 83. Yaani aliyeomba beki hakupewa, na kabla ya hapo alipewa straika asiyemwomba.

Julai 2007 Avram Grant akaletwa kama mkurugenzi wa soka. Septemba, Mourinho akawaambia waandishi habari ya mayai: kwamba ukitaka mayai mazuri ya kukaanga lazima uanze na mayai yenyewe, na dukani mayai yana madaraja, ukikosa ya daraja la juu pishi lako haliwezi kuwa lilelile. Watu wengi waliona ni maneno ya Mourinho tu. Mimi naona ndiyo siku alipotangaza hadharani kwamba jikoni hakuwa peke yake. Tarehe 18 tukatoka 1-1 na Rosenborg, uwanjani watu hawafiki 25,000. Tarehe 20 akaondoka.

Karibuni tujadiliane. Naomba tusitukane.

Beki wa Pembeni:
Mkuu umeandika vizuri ila umeruka jambo moja. Grant huyo uliyemtaja kama mtu wa tajiri alifika fainali ya Ligi ya Mabingwa, mahali ambapo Mourinho hakuwahi kuifikisha Chelsea. Kwa hiyo hata mtu wa mmiliki anaweza kufanya kazi.

Mtoto wa Darajani:
Sijaruka kaka, nilikuwa nakuja huko.

Mei 21, 2008 nilikuwa banda umiza moja pale Mbagala. Kiingilio kilipanda mara mbili siku ile, na bado tulikaa mpaka chini kwenye mkeka mbele ya runinga. Moscow kulikuwa na mvua, unaona kabisa matone kwenye mwanga wa taa. 1-1 na Manchester United, tukaenda matuta, saa sita na kitu usiku. Terry akiweka ule wa tano tunabeba kombe. Akateleza, mpira ukagonga mwamba wa pembeni. Jamaa aliyekuwa pembeni yangu alikuwa ameshasimama kushangilia, akabaki ameshika kichwa vilevile amesimama, hakuna aliyemwambia akae. Kisha kipa wao Van der Sar akadaka wa Anelka.

Siku tatu baadaye Grant naye akafukuzwa. Nafasi ya pili kwenye ligi, nafasi ya pili Ulaya, na nje. Ndiyo maana nasema kuwa mtu wa tajiri hakukuokoi. Unapata kiti tu, hupati mamlaka.

Mwalimu Kisarawe:
Nichangie upande wa lugha, maana naona unagusa mzizi wa jambo hili.

Sisi tunamwita kila mtu "kocha". Na tukisema "meneja wa timu" hapa kwetu, tunamaanisha yule anayeshughulika na safari, vifaa, leseni za wachezaji na posho. Kwa Waingereza wa zamani meneja alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipanga kikosi, alinunua, aliuza, alijua mshahara wa kila mchezaji, hata timu ya vijana ilikuwa chini yake. Bodi ilikuwa inasaini hundi. Ferguson wa Manchester United alikuwa meneja wa namna hiyo. Cheo cha kocha mkuu, anayefundisha tu huku mkurugenzi wa michezo akisajili, kilikuwa jambo la kawaida Italia, Hispania na Ujerumani muda mrefu kabla hakijazoeleka England.

Abramovich alikuta utamaduni wa meneja akaingiza wa kocha mkuu, tena bila kuusema wazi. Mourinho alitoka Porto amezoea kuwa na mkurugenzi, lakini nadhani alipofika England aliupenda umeneja. Ugomvi wao kwa sehemu kubwa ulikuwa kuhusu cheo ambacho kila mmoja alikuwa na tafsiri yake.

Mtoto wa Darajani:
Mwalimu hapo umenifungua macho, asante sana. Na ukiangalia miaka ya karibuni, Chelsea waliandika wazi kabisa "kocha mkuu". Maresca alipokuja Juni 2024 kutoka Leicester alijua kwamba usajili uko kwa wakurugenzi wa michezo, Winstanley na Stewart. Angalau hakudanganywa mlangoni.

Zuhura wa Mahesabu:
Mimi ni mhasibu, na mtanisamehe lakini naona mmekaa upande mmoja wote.

Abramovich alipolazimika kuiuza klabu 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine na serikali ya Uingereza kumwekea vikwazo Machi ile, ilionekana klabu inadaiwa naye takriban pauni bilioni 1.5. Fedha zake mwenyewe, mkopo ambao alisema hatadai. Wakuu, mtu ameweka bilioni moja na nusu kwenye biashara halafu mnataka asiruhusiwe hata kusema "mimi nampenda straika huyu"? Kazini kwangu mwenye kampuni akitaka gari la rangi fulani linanunuliwa la rangi hiyo.

Kocha akikosea anaondoka na fidia mfukoni. Mmiliki akikosea anabaki na deni, na wachezaji wana mikataba ya miaka mitano. Mwenye kupoteza zaidi ndiye mwenye neno la mwisho, ndivyo biashara zote zinavyokwenda.

Mtoto wa Darajani:
Dada Zuhura, sibishi haki yake. Neno la mwisho ni lake, klabu ni yake. Ninachopinga ni kitu kimoja: ukichagua gari wewe, lisipande mlima, usimfukuze dereva.

Tazama Ancelotti, kocha wetu mwingine. Msimu wake wa kwanza, 2009/10, alichukua ligi na Kombe la FA, mabao 103 kwenye ligi. Novemba 2010 klabu ikamwondoa msaidizi wake Ray Wilkins katikati ya msimu. Januari 31, 2011 akaletewa Torres kwa pauni milioni 50, rekodi ya Uingereza wakati ule. Torres alikaa mpaka Aprili 23 ndipo akafunga bao lake la kwanza, dhidi ya West Ham, kwenye dimbwi la maji. Ndilo pekee la ligi msimu ule. Mei 22 tumefungwa 1-0 na Everton, tumemaliza wa pili, na Ancelotti akaambiwa kazi imeisha palepale Goodison Park, kabla basi halijaondoka. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshika makombe mawili.

Kwenye vitabu vyako vya hesabu, dada, hasara ya Torres ungeiandika kwa jina la nani?

Zuhura wa Mahesabu:
Ningeiandika kwa aliyeidhinisha malipo. Hapo nakubaliana nawe kabisa. Ila kwa haki hiyohiyo, usajili mzuri uliofanywa na ofisi bila kocha kutaka nao uandikwe kwa ofisi. Je, uko tayari?

Jogoo la Anfield:
Dada amefika penyewe. Nawaletea ya Liverpool, maana sisi tulipitia haya yote.

Kiangazi 2015. Kocha wetu Brendan Rodgers na ile kamati ya usajili ya klabu walikuwa hawaelewani. Rodgers alimtaka Benteke, akapewa, pauni milioni 32.5 kutoka Villa. Kamati ilimtaka Firmino kutoka Hoffenheim, pauni milioni 29. Oktoba Rodgers akafukuzwa. Benteke aliondoka baada ya msimu mmoja. Firmino akabaki, akabeba Ligi ya Mabingwa 2019 na ubingwa wa England 2020.

2017 tena. Klopp, aliyemrithi Rodgers, alikuwa anamtazama zaidi Julian Brandt. Mkurugenzi wa michezo Michael Edwards na watu wake wa takwimu wakamng'ang'ania Salah, hawakumwacha apumue mpaka akakubali. Msimu wa kwanza Salah akafunga mabao 32 kwenye ligi. Klopp mwenyewe hajawahi kuona aibu kuwasifu waliomsukuma.

Sasa Mtoto wa Darajani, kwa kanuni yako Klopp angemsajili Brandt. Tungekuwa wapi leo?

Mtoto wa Darajani:
Nimekaa na swali lako tangu jana usiku, ndugu yangu, sikutaka kujibu haraka.

Nakubali nilianza uzi kwa kukaza sana. Sidai tena kwamba kocha lazima achague mchezaji. Kocha anaona mechi ya Jumamosi, hawezi kuzunguka dunia nzima kutazama vijana. Lakini soma tena ulichoandika: "mpaka akakubali". Edwards alimbishia Klopp kwa hoja, kwa video, kwa takwimu, na Klopp angeweza kusema hapana. Kuna mlango aliachiwa. Kwa Shevchenko mlango haukuwepo, kwa Torres haukuwepo. Tofauti ya Anfield na Darajani naiona hapo, kwenye kile kikao, watu wamekaa pande mbili za meza na kila mmoja ana sauti.

Na hata kwenu, kwa Rodgers, hakukuwa na meza. Kulikuwa na mgao: wewe chukua wako, sisi tunachukua wetu. Firmino alipokuja Rodgers hakujua amtumie wapi, alimweka mpaka pembeni. Klopp akamweka katikati mbele, yakaonekana mambo.

Jogoo la Anfield:
Hapo kwenye mgao nakuunga mkono. Mchezaji wa kocha na mchezaji wa kamati kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo, wachezaji wanajua nani ni wa nani. Inaua timu polepole.

Mzalendo wa Jangwani:
Msisahau Real Madrid 2003. Kocha Del Bosque kachukua La Liga, kesho yake mkataba hauongezwi. Ndani ya miaka minne alikuwa amebeba Ligi ya Mabingwa mbili. Kiangazi hichohicho Beckham anaingia, Makelele anauzwa, na akaenda wapi? Chelsea ya Abramovich. Rais wa klabu alikuwa anauza jezi, kocha alihitaji kiungo mkabaji. Madrid wakakaa misimu mitatu bila La Liga, na Makelele akawa nguzo ya yale mabao 15 ya Mourinho.

Msukuma Ughaibuni:
Nipo Ujerumani mwaka wa tisa sasa. Huku tajiri mmoja hawezi kuishika klabu kirahisi, kuna kanuni ya 50+1: wanachama wa klabu lazima wabaki na zaidi ya nusu ya kura. Bayern wanachama wana asilimia 75, zilizobaki wamegawana Adidas, Audi na Allianz.

Mtafikiri basi makocha huku wanalala usingizi. Machi 2023 kocha wa Bayern, Nagelsmann, alifukuzwa akiwa nyuma ya Dortmund kwa pointi moja tu, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa inamsubiri. Aliyemrithi ni Tuchel, yuleyule Chelsea walimtimua Septemba 2022. Walioamua ni mtendaji mkuu Kahn na mkurugenzi wa michezo Salihamidžić. Mei 27 Bayern wakachukua ubingwa siku ya mwisho kule Köln, na siku hiyohiyo Kahn na Salihamidžić nao wakaondolewa.

Kwa hiyo kutokuwa na tajiri hakuondoi presha. Ila angalau waliokosea juu waliwajibishwa. Sijaona England mmiliki akijifukuza.

Mtoto wa Darajani:
Kaka hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta siku zote nikashindwa kulisema. Kwa Tuchel inaniuma mno. Januari 2021 kaikuta timu nafasi ya tisa, Mei 29 kabeba Ligi ya Mabingwa kule Porto, Havertz bao moja. Wamiliki wapya, Boehly na Clearlake, wakanunua klabu Mei 2022 kwa pauni bilioni 2.5. Granovskaia aliyekuwa mkurugenzi akaondoka, Cech aliyekuwa mshauri wa ufundi akaondoka, na Boehly mwenyewe akawa mkurugenzi wa michezo wa muda. Mtu hajawahi kusajili mchezaji wa soka maishani mwake. Tuchel akawa anavutwa kwenye mambo ya usajili kila siku ilhali yeye anapenda uwanja wa mazoezi. Dirisha linafungwa Septemba mosi, tarehe 7 kafukuzwa. Yaani wachezaji wamenunuliwa kiangazi kizima, na kocha waliyenunuliwa kwa ajili yake akapewa siku sita.

Msimu ule tulimaliza wa 12.

Beki wa Pembeni:
Na Potter waliyemtoa Brighton hakufikisha hata miezi saba. Januari wakamjazia wachezaji mpaka kikosi hakitoshi kwenye orodha ya UEFA. Nani angeweza kufundisha vile?

Mwalimu Kisarawe:
Ferguson watu wanamtaja kama mfano wa kocha mwenye nguvu, lakini tukumbuke nguvu ile alipewa na watu. Alifika Novemba 1986, kombe la kwanza lilikuja Mei 1990. Msimu huo wa 1989/90 walimaliza ligi nafasi ya 13, mwenyekiti Martin Edwards na bodi yake hawakumfukuza. Na 2013 alipoondoka, David Gill aliyekuwa mtendaji mkuu naye akaondoka kiangazi hichohicho. Mrithi wake Moyes akapewa mkataba wa miaka sita na ofisi isiyojua kusajili, dirisha likaisha na usajili mkubwa mmoja tu, Fellaini. Miezi kumi, kwisha. Naona kocha mwenye nguvu ana mtu mmoja ofisini anayezungumza naye kila siku. Huyo mtu akiondoka, nguvu inaondoka naye.

Mzee Kiungo:
Vijana nimesoma uzi wote, nawapongeza. Nina umri wa kuwazaa wengi wenu, na haya ya Ulaya nayajua kwa udogo wake.

Nilifundisha timu ya ligi ya wilaya miaka ya nyuma, sitaitaja. Mfadhili wetu alikuwa mfanyabiashara, mtu mwema, alitununulia jezi na alilipa nauli ya kila mechi ya ugenini. Siku ya mechi ya kupanda daraja nimefika uwanjani, kijana wake akanipa karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Ndani majina kumi na moja. Golini ameandikwa mpwa wake, aliyekuwa amefika mazoezini mara mbili mwezi mzima. Kipa wangu alikuwa tayari anavaa glavu.

Nikaipanga ile karatasi kama ilivyo. Mpaka leo sijui kwa nini sikukataa. Nadhani niliifikiria ile nauli. Tukafungwa 3-0, mabao mawili ya mbali ambayo kipa wangu angeyadaka amekaa. Jioni nikaambiwa wanatafuta mwalimu mwingine.

Mtoto wa Darajani:
Shikamoo mzee. Hii imenigusa kuliko zote za Abramovich. Yule kipa ulimwambiaje siku ile?

Mzee Kiungo:
Marahaba mwanangu. Nilimwambia "leo pumzika". Akavua glavu akaziweka juu ya begi langu, hakusema kitu. Niliitafuta nyumba yao wiki iliyofuata, nikamwomba radhi mbele ya mama yake, na nikamweleza ile karatasi.

Zuhura wa Mahesabu:
Shikamoo baba. Na mfadhili, aliwahi kukuambia lolote?

Mzee Kiungo:
Marahaba. Hapana. Alimtuma kijana yuleyule kuchukua vifaa. Nikahesabu naye mbele ya watu: mipira saba, fulana za mazoezi kumi na mbili, koni, na pampu. Akauliza na filimbi. Filimbi niliinunua kwa pesa yangu, hiyo sikumpa.